Shangingi la baba lavaa viatu vipya, ukoo roho juu!

Leo sina habari za mapenzi, wala sitakwambia nani kamfumania nani kule Sinza. Leo ni matairi. Ngoja, usigeuze ukurasa kwanza! Najua wapo akina dada watakaosema "aah, hayo si ya wanaume hayo", na wapo akina kaka watakaouliza huyu mtoto wa kike anajua nini cha matairi. Wote kaeni, maana mwenzenu matairi yameniweka kikao na ukoo mzima, yameninunisha na mdogo wangu wa tumbo moja, na nusura yanipokonye gari nililoachiwa na marehemu baba.

Gari lenyewe ni Land Cruiser, ile ya umbo la duaraduara ambayo wenye kujua wanaiita 80. Toyota waliitoa kwenye mwaka 1990, na ilipofika 1998 ikaja 100 kuchukua kiti chake. Ndiyo aina ya gari lililobandikwa jina la shangingi hapa mjini, enzi wakubwa wakishuka humo na vitambi vyao, mpambe mbele kashika mlango. Kabla ya hapo neno hilo lilikuwa la mwanamke wa mjini aliyejaa akajaziwa, akajipara, ukimwona unapisha njia. Sasa mnaona kichekesho? Mimi mwanamke naendesha shangingi. Washikaji pale Mbezi Mwisho wamenitania mpaka wamechoka.

La baba si lile la kifahari. Lina injini ya 1HZ, dizeli, silinda 6, sisi 4,164, turbo hakuna. Alilinunua mnadani likiwa limeshatumikishwa na mradi fulani huko mikoani, naye akalitumikisha zaidi. Dar hadi Mahenge, Mahenge hadi Dar, magunia ya mchele nyuma, jogoo amefungwa miguu, na shangazi mmoja asiyejulikana anashukia wapi. Baba alipofariki, siku ya kuanua matanga, mama akasimama akasema gari ni la huyu, akaninyooshea kidole mimi. Wee acha tu! Baba mdogo aliinuka kama kaumwa na siafu. "Gari la kiume lile," akasema, "apewe kijana." Kijana ndiye mdogo wangu, wakati huo ana miaka ishirini na miwili na leseni ya pikipiki. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana niwe nalo, ila kwa sharti: kila baada ya miezi michache nimfuate mama Mahenge nimlete Dar kliniki, presha na goti, kisha nimrudishe. Masika, kiangazi, iwe iwavyo. Siku likilala porini na mama yumo ndani, funguo zinahamia kwa kijana.

Hapo ndipo matairi yanapoingia. Yale ya baba yalikuwa yameisha kashata, mengine yalikuwa kipara kabisa kama kichwa cha jirani yangu. Kununua mapya ilikuwa lazima. Swali likawa: ninunue saizi ile ile iliyotoka na gari, au nipande?

Kwa faida ya wasiojua, tusome tairi kidogo. La baba limeandikwa 275/70R16. Hiyo 275 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya huo upana. 16 ni rimu kwa inchi. Chukua kalamu, piga hesabu, utapata tairi zima lina kimo cha milimita 791 toka chini hadi juu. Wanaopenda kupanda ngazi wanaenda 285/75R16, ambalo ni milimita 834. Wenye roho ngumu wanaruka hadi 315/75R16, milimita 879, ndilo vijana wa mjini wanaita "sati faivu" kwa sababu linakaribia inchi 35.

Mdogo wangu alitaka sati faivu. Tena si hilo tu, alitaka na springi za kuinua gari inchi 4, bampa la chuma, na zile ngazi za pembeni zing'olewe maana "zinaaibisha". Alikuja na simu yake imejaa picha za Rhino Charge ya Kenya, yale mashindano ya kupita porini pasipo barabara yaliyoanza 1989 kwa ajili ya kuchangia uzio wa Aberdare. Magari yamebinuka juu ya mawe, tairi moja liko hewani, lina ukubwa wa meza ya kulia chakula. Nikamwambia mdogo wangu, ni bomba, nafagilia kabisa. Lakini hebu angalia, mengi ya hayo huletwa mashindanoni yamepakiwa kwenye trela, na ndani hakuna mama wa mtu anayekwenda kupimwa presha.

Akanuna. Wiki nzima simu zangu hapokei.

Nikaenda Gerezani mwenyewe. Kama kuna mwanamke aliyewahi kuingia gereji peke yake na akasikilizwa mara ya kwanza, aniandikie, nitamnunulia soda. Fundi wa kwanza aliniuliza mume wangu yuko wapi. Wa pili alisikiliza swali langu vizuri sana, kisha jibu akampa kijana aliyekuwa amesimama karibu yangu, ambaye wala simjui, alikuwa anauza maji. Wa tatu akaniambia, "Sista, weka sati faivu, ikigusa tunapiga nyundo fenda, ikigusa tena tunatia spesa." Spesa ni kile kipande cha chuma kinachowekwa kati ya rimu na habu ili tairi litokeze nje. Ni kweli linaacha kugusa ndani. Linaanza kugusa nje, kwenye fenda, na beringi za gurudumu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Kwa gari la umri huu huko ni kununua ugomvi kwa pesa yako.

Fundi wa nne ndiye niliyebaki naye. Mzee wa makamo, mpole, haongei sana. Kabla sijamwambia habari ya saizi alilala chini ya gari dakika kama kumi, akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi. "Dada," akasema, "unataka kulivisha mzee viatu vya jeshi na miguu inauma." Akanionyesha. Springi za nyuma zimelala, gari limekaa kama mbwa aliyechoka. Bushi zimekatika. Beringi za mbele zinacheza. Na kwenye miguu ya mbele, pale magurudumu yanapokatia kona, mafuta ya difu yanavuja yanachanganyika na grisi, ugonjwa maarufu wa gari hizi. Tairi kubwa ni zito zaidi na mkono wake ni mrefu zaidi, kwa hiyo kila kilichokuwa kinacheza kidogo kitaanza kucheza sindimba. Usukani utatetemeka, nawe utalaumu matairi, kumbe ni beringi.

Basi bwana, nusu ya pesa niliyoidunduliza ikaishia huko kabla sijaona hata tairi moja. Sili, beringi, bushi, springi mpya za kimo kile kile cha kiwandani, shokapu nne. Springi peke yake zilirudisha gari juu kama sentimita tatu, na hapo sijainua kitu, nimerudisha kilicholala. Kuna watu wanatumia mamilioni kuinua gari ambalo lilihitaji springi tu!

Kisha hesabu za matairi zikaanza, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri wewe unayedunduliza vijisenti vyako.

Tairi likikua kwa milimita 43, gari halipandi milimita 43. Linapanda nusu yake, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo 285/75 inakupa sentimita 2 na kidogo. Sati faivu inakupa sentimita 4 na nusu hivi. Ukijumlisha na zile springi za inchi 4 za mdogo wangu, ambazo ni sentimita 10, unakaribia sentimita 15. Nilichukua futi kamba, nikapima toka chini hadi kwenye ngazi ya pembeni, nikaweka alama ukutani, nikampigia mama. "Mama, ukiinua mguu unafika wapi bila goti kulia?" Akanyamaza, nikamsikia anajaribu kwenye kizingiti cha jikoni. Akacheka. "Mwanangu, mimi si mwanasarakasi. Mkilipandisha hilo gari mje na winchi ya kunipandisha na mimi."

Hapo sati faivu ilikufa kifo cha kawaida, ingawa zipo sababu nyingine ambazo fundi alinipa na ambazo ni za kweli. Difu ya gari langu ni 4.1. Ukiweka tairi lililozidi kwa asilimia 11, injini inajiona kama imepewa difu ya 3.7. Yaani gia zote zimekuwa ndefu. Kwa 1HZ isiyo na turbo, ikipanda mlima na magunia, utashuka gia mpaka ujute, na ukitaka kurudisha nguvu inabidi ufungue difu zote mbili uweke meno mengine. Hiyo ni bajeti ya harusi. Kwa 285/75 ongezeko ni asilimia 5 na kidogo, difu inakuwa kama 3.9. Utalisikia, lakini si la kulilia.

Breki nazo. Breki ni zile zile, tairi ni kubwa na zito, na lina mkono mrefu wa kushindana nazo. Gari linachelewa kusimama, na Mahenge iko mlimani, ukitoka kule unateremka. Nikaweka pedi mpya mbele, na mafuta ya breki yaliyokuwa na rangi ya kahawa yakamwagwa yote.

Na mshale wa spidi! Hili vijana wengi hawalijui mpaka wakutane na mzee wa tochi. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, ila dashibodi haijui, inahesabu mizunguko ile ile. Kwa 285/75, mshale ukisema 50 kwa hesabu uko karibu 53. Kwa sati faivu uko 55 na nusu. Pale kwenye kibao cha 50, na afande yuko nyuma ya mwembe, mueleze habari ya kimo cha ubavu uone kama atakuelewa. Nafuu iliyopo ni kwamba mishale mingi ya kiwandani huwa inazidisha kidogo. Mimi nilipopima kwa simu, mshale ukiwa 80 simu ilisema 82. Kilomita nazo zinapunjwa: kila 100 za kweli, dashibodi inahesabu 95. Kwa hiyo usije ukalia gari linakunywa dizeli kupita kiasi kabla hujarekebisha hiyo hesabu, na oili umwage mapema kidogo kuliko dashibodi inavyokwambia.

Sasa swali la kashata. Kuna matairi yameandikwa M/T, ya matope, kashata zake kubwa zimeachana kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Yanatema tope vizuri sana. Ila lami yanavuma kama ndege, na mvua ikinyesha juu ya lami hayashiki vizuri kwa sababu mpira unaogusa chini ni kidogo. Na kuna A/T, ya kati na kati. Safari yangu kwa sehemu kubwa ni lami: Chalinze, Morogoro, kisha zile kilomita 50 za kukatisha hifadhi ya Mikumi ambako tembo anaweza kuamua kusimama barabarani afikirie maisha. Kununua M/T kwa ajili ya kipande cha mwisho ni kama kuvaa gambuti kazini mwaka mzima kwa sababu ya dimbwi moja nyumbani. Nikachukua A/T.

Nikuchekeshe kidogo. Umewahi kuangalia Land Cruiser za ambulansi na za wataalamu wa kilimo huko wilayani, zile zinazofika kweli? Zimevaa nini? Tairi jembamba, refu, 7.50R16. Jembamba linakata tope mpaka likute ardhi ngumu chini. Pana linaelea juu, zuri kwa mchanga, lakini kwenye utelezi wa udongo mfinyanzi mara nyingi linateleza nao. Wanaokwenda porini kwa mshahara hawana mapepe ya upana. Mimi mwenyewe niliitamani 235/85R16, yenye kimo cha milimita 806, nyembamba tamu. Kilichonikwamisha ni rimu. Za kwangu zina upana wa inchi 8, na tairi hilo linataka rimu nyembamba kuliko hizo. Kununua na rimu tano juu yake, hapana, mshiko ulikuwa umekata.

Nasema tano, maana wapo wanaonunua manne wakaacha la akiba lile la zamani. Kwenye foo-wili usichanganye saizi. La mbele likizunguka tofauti na la nyuma, kinachoumia ni gia boksi na difu, na vifaa hivyo haviuzwi kwa mnada. Manunuzi ya tairi tano za maana yalikuwa yanatosha kununua bodaboda na chenji ikabaki. Nilipotoa pesa mkono ulikuwa mzito, sikufichi.

Dukani nikakumbuka mambo mawili ya kuangalia ubavuni. La kwanza, tarehe. Kuna tarakimu nne mwisho wa yale maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji alinishushia tairi linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi, kumbe limekaa stoo miaka saba. Nikalirudisha. Akashangaa, akaniuliza nimesomea wapi. La pili ni namba ya uzito. 114 ni kilo 1,180 kwa tairi moja, 122 ni kilo 1,500, 126 ni kilo 1,700. Gari la kubeba mama, mchele na shangazi asiyejulikana lisishuke chini ya ile ya kiwandani.

Kabla ya kulipa yote manne, fundi alifanya jambo la busara. Alifunga moja mbele kushoto, akaniambia nikate usukani mpaka mwisho, kushoto kisha kulia, kisha nipandishe gurudumu juu ya kizingiti ili springi ibonyee. Akapaka chaki sehemu zote za karibu. Fenda, safi. Ila usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi lilibusu ule mkono wa chuma unaoshika ekseli ya mbele. Hakuna nyundo wala spesa. Kuna bolti ya kuzuia usukani usipitilize. Aliitoa nje kidogo, tairi likaacha kugusa. Gharama yake ni kwamba sasa gari linakata kona kwa uvivu kidogo, na ukitaka kugeuza kwenye vichochoro vya Kariakoo unakwenda mbele nyuma mara mbili huku wapiga debe wanakupa ushauri wa bure. Na ngazi za pembeni zilibaki. La akiba likaingia mahali pake chini ya gari, kwa kubanana.

Mdogo wangu alipoliona aliguna. "Dada, mbona kama halijabadilika?" Kisha akalizunguka mara ya pili, akapiga picha, akaiweka mtandaoni na maneno "mashine yetu". Yetu!

Safari ya kweli ilikuja mwezi wa nne. Masika yamechachamaa, bonde la Kilombero limejaa maji kila upande, ukivuka unaona anga chini na juu. Mimi, mdogo wangu kama tanboi, na pampu ndogo ya kujazia upepo. Lami hakuna la kusimulia, isipokuwa Mikumi tulipunguza mwendo twiga wakapita na madaha yao kama maharusi. Shida ilianza baada ya Ifakara, kipande kimoja ambacho lori lilikuwa limezama mpaka ekseli, nyuma yake Noah mbili na basi dogo, abiria wamekaa pembeni wanakula mahindi ya kuchoma. Mwenye kuchoma mahindi alikuwa anafanya biashara nzuri kuliko wote.

Nilishuka kwa miguu kwanza, nikatembea pembeni ya lori na fimbo, nikichoma chini nione ugumu uko wapi. Gambuti moja lilibaki kwenye tope nikalirudia. Kisha tukatoa upepo, toka 36 mpaka 20 kila tairi. Ukishusha upepo tairi linatandaza unyayo wake, linakuwa refu chini, linashika zaidi. Na hili hata mwenye matairi ya kiwandani anaweza kulifanya bure. Foo-wili nzito, gia ya pili, mguu mmoja tu wa mafuta, hapana kukanyaga kanyaga. Gari lilikwenda upande kama kaa. Nasema ukweli, kuna mahali nilikuwa nimekata usukani kulia na gari linakwenda kushoto, na mdogo wangu amefumba macho anataja watakatifu ambao hata kanisani sijawahi kumsikia akiwataja. Tumbo la gari lilikwangua tuta la katikati. Ule mkwaruzo ulikuwa mdogo, ukapita. Zile sentimita 2 za tairi na 3 za springi, nadhani ndizo zilizotofautisha kukwangua na kukalia. Siwezi kuapa.

Watu wa basi walishangilia. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Kumbe ni mwanamke?" Tukarudi na kamba, tukavuta Noah moja. Ya pili tuliiacha, ilikuwa imeelekea mtaroni na dereva wake alitaka tuivute kwa bampa, nikasema hapana kaka, subiri greda.

Ng'ambo tulijaza upepo upya, tairi kwa tairi, nusu saa nzima. Usithubutu kukimbia kwenye lami na upepo wa 20, tairi linachemka na linaweza kukuachia.

Tulifika Mahenge giza limeingia. Mama alikuwa amekaa barazani na taa yake, hajaniuliza habari ya njia, kaniuliza kama nimekula. Asubuhi yake akalikagua gari kama anakagua bibi harusi. Akashika mlango, akaweka mguu kwenye ngazi, akasita. Sentimita tano zile! Nikatoa kigoda cha mninga nilichochongesha, nikakiweka chini. Akapanda, mguu wa kigoda kwanza, wa ngazi, kiti. Akajishikiza kwenye kile kishikio ambacho baba alikuwa amekifunga utepe mwekundu miaka hiyo ili akione haraka. Utepe bado upo. Akakaa, akavuta mkanda. "Baba yenu alikuwa hapendi vitu vikubwa vikubwa," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini hivi vinatulia."

Baba mdogo alikuja kutuaga. Aliyapiga teke matairi moja moja, matano yote, hata la akiba aliinama akalitafuta chini. Habari ya funguo hakuigusa. Akaanza kunieleza kwamba mwezi wa nane ana harusi ya binti yake kule Malinyi, na njia ya kule nayo mnaijua, na bibi harusi hawezi kupakiwa kwenye bodaboda, na kwamba gari la ukoo ni la ukoo.

Nikamwambia shikamoo baba, nimekusikia, dizeli ni juu yako, na usukani nashika mimi.